Supamaketi ikiyumba, mfugaji wa kuku huwa ameikopesha bila kujua

KATI ya mwaka wa 2015 na 2021, Wakenya walishuhudia supamaketi tatu zilizokuwa miongoni mwa kubwa zaidi nchini zikiporomoka moja baada ya nyingine. Uchumi ilitangulia, Nakumatt ikafuata, kisha ikawa zamu ya Tuskys.

Katika kila kisa, mengi yalisemwa kuhusu benki, wenye hisa na wafanyakazi waliopoteza ajira. Kundi lililotajwa kwa uchache ni lile la wasambazaji wadogo: mfugaji wa kuku Kiambu, mkulima wa nyanya Kirinyaga, kikundi cha akina mama wanaopakia unga wa wimbi, na mchuuzi mwenye pikapu anayekusanya mboga mashambani alfajiri na kuzifikisha mjini kabla ya jua kuwa kali.

Hawa hawakuwa na hisa wala dhamana. Walichokuwa nacho ni ankara.

Kwamba kampuni hupata matatizo si ajabu, kwani hakuna biashara isiyoyapata. Jambo linalofaa kuchunguzwa ni jinsi wasimamizi wanavyoikabili dharura hiyo, kwa sababu uamuzi unaofanywa katika ofisi ya mkurugenzi wiki za kwanza ndio huamua iwapo mtu wa mayai atalipwa au la. Kisa cha Uchumi kina mafunzo zaidi kwa kuwa kampuni hiyo ilitumbukia shimoni mara mbili. Mara ya kwanza iliokolewa. Mara ya pili ilishindikana.

MKOPO USIO NA RIBA

Ili kuelewa kilichotokea, ni muhimu kwanza kufahamu jinsi supamaketi inavyotumia hela za msambazaji.

Chukulia mfugaji anayepeleka trei 100 za mayai kila wiki kwa bei ya Sh300 kwa trei. Kwa wiki, anastahili Sh30,000. Iwapo makubaliano ni kulipwa baada ya siku 90, ambazo ni takriban wiki 13, basi kufikia siku anayopokea malipo ya wiki ya kwanza, deni lake katika supamaketi hiyo litakuwa limefika Sh390,000.

Mayai yenyewe hukaa kwenye rafu siku chache tu. Mteja naye hulipa papo hapo, kwa noti au kwa M-Pesa. Hii ina maana kuwa supamaketi hukaa na hela za mfugaji kwa karibu miezi mitatu bila kumlipa riba, ilhali yeye mwenyewe pengine amechukua chakula cha kuku kwa mkopo katika duka la pembejeo, na mwenye duka hasubiri siku 90.

Mpango huu si wizi. Ni utaratibu wa kawaida katika biashara ya supamaketi, na hufanya kazi bila matatizo mradi mauzo yanazidi kukua, kwa sababu mauzo ya leo hulipa ankara za miezi mitatu iliyopita na bado kukabaki kitu.

Hatari huja pale hela hizo zinapotumiwa kufungua matawi mapya. Tawi huchukua miaka kadhaa kurejesha gharama ya rafu, majokofu, kodi ya jengo na mishahara. Ankara ya mayai hudai katika siku 90. Mauzo yakilegea kidogo tu, au tawi jipya likikosa wateja, pengo hujitokeza. Na mtu wa kwanza kuzibishwa pengo hilo ni yule asiyeweza kumpeleka mtu kortini.

Hapo ndipo siku 90 hugeuka kuwa 120, kisha 150, na simu ya ofisi ya uhasibu ikaanza kuita bila kupokelewa.

WIKI SITA ZA MWAKA WA 2006

Uchumi ilianzishwa mwaka wa 1975 kupitia mashirika ya Serikali, kwa nia ya kuwafikishia wananchi bidhaa muhimu kwa bei nafuu na kuwapa wazalishaji wa humu nchini mahali pa kuuzia. Mwaka wa 1992 hisa zake ziliingizwa katika Soko la Hisa la Nairobi, na kwa miaka mingi jina hilo lilikuwa karibu sawa na neno supamaketi lenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kampuni hiyo ilifungua maduka makubwa yaliyomeza fedha nyingi wakati ambapo wapinzani wake walikuwa wakipata nguvu. Mwaka wa 2005 wenye hisa waliombwa kuongeza mtaji. Hata hivyo, miezi michache baadaye, mwanzoni mwa Juni 2006, bodi ilitangaza kuwa kampuni haiwezi kuendelea. Milango ikafungwa na kampuni ikawekwa chini ya mrasimu.

Wengi waliona kufungwa huko kuwa aibu kwa taifa. Kwa mtazamo wa mtu anayedai, hata hivyo, kulikuwa na nafuu moja: deni liliacha kukua siku ile ile. Hakuna trei nyingine ya mayai iliyoingia kwenye shimo hilo.

Jambo la pili ni kuwa ukweli ulianikwa. Benki zilizokuwa zimeikopesha kampuni, yaani KCB na Benki ya PTA, pamoja na Serikali na wasambazaji waliketi meza moja, kila upande ukifahamu kuwa hesabu ni mbaya. Serikali ilitoa mkopo, benki zikakubali kusubiri, nao wasambazaji wakakubali madeni ya zamani yapangiwe utaratibu ili wapate mteja wa kuendelea kumuuzia. Jonathan Ciano aliteuliwa kuwa mrasimu na meneja, na kufikia Julai mwaka huo huo baadhi ya matawi yalikuwa yamefunguliwa tena.

Zilikuwa takriban wiki sita tu. Kampuni ilitoka mikononi mwa mrasimu Machi 2010, na mnamo Mei 2011 hisa zake zilirejeshwa kwenye soko la hisa.

Ni nadra kampuni kurudi kutoka huko. Ndiposa ni muhimu kutambua kilichoiokoa. Hela za Serikali zilisaidia, lakini hela zilikuja pia mara ya pili na hazikufua dafu. Tofauti kubwa ilikuwa kwamba mwaka wa 2006 msambazaji aliombwa kusaidia akiwa amefunguliwa daftari.

MARA YA PILI

Baada ya kufufuka, Uchumi ilirejea kwenye mbio za kufungua matawi, yakiwemo ya Uganda na Tanzania. Mwishoni mwa mwaka wa 2014 ilikwenda tena kwa wenye hisa kuomba mtaji, nao wakaitika kwa wingi.

Mnamo Juni 2015, bodi ilimwachisha kazi Bw Ciano pamoja na afisa mkuu wa fedha. Miezi michache baadaye Bw Julius Kipng'etich, aliyekuwa amejijengea sifa katika Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), alikabidhiwa usukani. Oktoba mwaka huo matawi yote ya Uganda na Tanzania yalifungwa.

Kufunga matawi ya nje yaliyokuwa yakila hasara kulikuwa uamuzi sahihi, ingawa wasambazaji wa Kampala na Dar es Salaam walibaki wakishika vichwa. Tatizo lilikuwa nyumbani. Maduka ya Kenya yalibaki wazi huku rafu zikiwa nusu tupu.

Rafu tupu ni ugonjwa unaojilisha wenyewe. Mteja aliyekwenda kununua unga, maziwa na sabuni akikosa viwili kati ya hivyo, wiki ijayo huenda kwingine. Mauzo hushuka, hela za kulipa ankara hupungua, wasambazaji wengine hukatiza, na rafu zikazidi kuwa tupu. Meneja anayesubiri mwekezaji ilhali mzunguko huu unaendelea huwa anauza kampuni ambayo kila wiki ina thamani ndogo kuliko wiki iliyopita.

Serikali iliahidi msaada wa Sh1.2 bilioni, lakini fedha hizo zilitolewa kwa awamu na kwa kuchelewa. Wasambazaji nao waliombwa kwa mara nyingine wawe na subira. Safari hii wengi walikataa kupeleka bidhaa bila kulipwa kwanza, na ni vigumu kuwalaumu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Bw Kipng'etich aliondoka mwishoni mwa mwaka wa 2017. Mnamo Machi 2020, wadai walikubali mpango wa hiari wa kupunguza madeni na kulipwa polepole. Kufikia hapo, duka lililokuwa likinunua mayai na maziwa kila asubuhi lilikuwa limebaki na matawi ya kuhesabika kwa vidole. Tegemeo moja kubwa lilikuwa kuuza ardhi ya kampuni eneo la Kasarani, ambayo nayo ilizongwa na mvutano kuhusu umiliki.

Miaka minne na zaidi ilipita kati ya siku bodi ilipomtimua mkurugenzi na siku wadai walipopiga kura. Mwaka wa 2006 kazi kama hiyo ilifanywa kwa wiki sita.

MOTO NA DAFTARI

Kisa cha Nakumatt kinashangaza kwa namna nyingine. Kampuni hiyo, iliyoanzia Nakuru kama duka la magodoro, ilifahamika kwa kukabiliana na majanga ya kuonekana kwa macho.

Januari 2009 tawi lake la katikati ya jiji la Nairobi liliteketea na watu wakafariki. Septemba 2013 magaidi walivamia jumba la Westgate, ambako Nakumatt ilikuwa na mojawapo ya maduka yake makuu. Jumba hilo lilipofunguliwa tena Julai 2015, Nakumatt ilirudi humo. Kampuni dhaifu isingeweza kufanya hivyo.

Lakini wakati huo huo matawi yalikuwa yakiongezeka hadi zaidi ya 60 katika nchi nne. Mwaka wa 2014 ilinunua maduka ya Shoprite nchini Tanzania, kampuni ya Afrika Kusini ikiwa imeamua kuondoka. Mchambuzi yeyote wa biashara angejiuliza kwa nini kampuni kubwa kama hiyo ya Afrika Kusini iliona heri kufunga virago.

Mwaka wa 2017 ukweli ulianza kuonekana kwenye rafu kabla ya kuonekana kwenye taarifa. Kampuni ilizungumza kuhusu mwekezaji ambaye hela zake hazikufika, kisha kuhusu kushirikiana na Tuskys. Wakati huo matawi yalikuwa yakifungwa moja baada ya jingine, baadhi kwa sababu ya malimbikizi ya kodi ya jengo. Kampuni iliyojua kupambana na moto na magaidi ilishindwa na daftari lake yenyewe.

Januari 2018 mahakama iliiweka Nakumatt chini ya msimamizi, ikiwa na madeni ya zaidi ya Sh30 bilioni. Januari 2020 wadai walipiga kura ya kuivunja. Matawi sita yaliyosalia yaliuzwa kwa Naivas kwa Sh422 milioni.

Ukigawanya kiasi hicho kwa deni la Sh30 bilioni, ni takriban Sh1.40 kwa kila Sh100 zilizodaiwa, na hapo gharama za msimamizi na mawakili hazijaondolewa.

FOLENI YA WADAI

Watu wengi hudhani kuwa kampuni ikifilisika, kila anayedai hupata kidogo kulingana na deni lake. Sivyo. Kuna foleni.

Mwenye dhamana, ambaye kwa kawaida ni benki, hutegemea mali aliyowekewa rehani. Gharama za usimamizi, mishahara ya wafanyakazi na baadhi ya kodi huwa na nafasi yake mbele. Msambazaji asiye na dhamana husimama nyuma, na mara nyingi mali huwa imekwisha kabla zamu yake haijafika.

Wapo wasambazaji wakubwa ambao mikataba yao husema kuwa bidhaa hubaki mali yao hadi zilipwe. Kwa muuzaji wa majokofu au vyombo vya umeme, kifungu hicho kina maana kwani anaweza kurudi dukani kuvichukua. Kwa muuzaji wa sukuma wiki hakina faida yoyote. Mboga zilikwisha kuliwa.

Hasara yenyewe hudumu kuliko watu wanavyofikiri. Yule mfugaji wa trei 100, akiwa na faida ya Sh40 kwa kila trei, akipoteza Sh390,000 atakuwa amepoteza faida ya trei 9,750. Kwa kasi yake ya kawaida, itamchukua karibu miaka miwili kurudi pale alipokuwa, iwapo kuku hawatapatwa na ugonjwa na chakula hakitapanda bei.

Wakulima wa miwa wa magharibi mwa Kenya wanaifahamu hesabu hii vyema zaidi. Kiwanda cha Mumias kilipoanza kuyumba, wao hawakuweza kusema wiki ijayo tutapeleka kwingine. Muwa hukaa shambani zaidi ya mwaka mmoja, na ukichelewa kuvunwa utamu hupungua. KCB iliteua mrasimu wa kukisimamia Septemba 2019, na kampuni ya Sarrai kutoka Uganda ikapewa kukikodi mwishoni mwa mwaka wa 2021. Katika kipindi hicho wapo waliong'oa miwa na kupanda mahindi.

DALILI ZA MAPEMA

Mkulima hawezi kuona vitabu vya hesabu vya supamaketi. Anaweza, hata hivyo, kuona mambo ambayo hata mwenye hisa hayaoni, kwa sababu yeye huingia kwa mlango wa nyuma.

Anaona iwapo malipo yanazidi kuchelewa kila mwezi. Anaona iwapo bidhaa zinahamishwa kutoka tawi moja ili kujaza rafu za lingine, na iwapo msambazaji mkubwa wa maziwa au soda ameanza kudai pesa taslimu kabla ya kushusha mzigo. Dalili hii ya mwisho ndiyo nzito zaidi, maana kampuni kubwa huwa na watu wa kuchunguza mikopo, na kwa kawaida hupata fununu mapema.

Ipo dalili nyingine ambayo wengi huichukulia kuwa habari njema. Ni pale supamaketi inayochelewesha malipo inapoagiza bidhaa nyingi zaidi. Mfugaji hufurahi kuwa soko limepanuka, akaongeza vifaranga. Kwa hakika, wasambazaji wengine wamejiondoa na yeye ndiye anayetumiwa kujaza pengo.

Ushauri wa kawaida ni kutouza mazao yote kwa mnunuzi mmoja. Ni ushauri mzuri, lakini kipimo bora ni deni lenyewe. Mkulima aamue mapema kiasi ambacho shamba lake linaweza kupoteza na bado likanunua chakula cha kuku mwezi ujao. Deni likifika hapo, mzigo unaofuata uende sokoni Wakulima au kwa mama mboga anayelipa papo hapo, hata kama bei ni ya chini.

Ugumu uko kwa wasambazaji wakiwa wengi. Wote wakikatiza kwa pamoja, duka hufa siku hiyo na hakuna anayelipwa. Wote wakiendelea, deni huzidi kupanda. Njia ya katikati, ambayo ni kupeleka bidhaa mpya kwa pesa taslimu huku deni la zamani likiwekewa ratiba, huhitaji watu kuzungumza kwa sauti moja. Kampuni kubwa zina vyama vya kuzisemea. Wafugaji 40 wa kijiji kimoja wanaoliuzia duka lile lile mara nyingi hawajawahi kuketi pamoja kulinganisha ankara zao.

Sheria ya Ushindani ilifanyiwa marekebisho mwaka wa 2019 ili kumzuia mnunuzi mwenye nguvu kuchelewesha malipo bila sababu ya haki. Mwaka wa 2020, Mamlaka ya Ushindani iliingilia kati suala la Tuskys na kuitaka ieleze jinsi ingewalipa wasambazaji. Hatua hiyo ilikuwa nzuri, japo ilikuja maji yakiwa yamefika shingoni, Tuskys haikuinuka.

Isitoshe, mkulima mdogo huogopa kulalamika kwani anajua msimu ujao jina lake linaweza kuondolewa kwenye orodha ya wasambazaji. Mradi malalamiko yanategemea mtu mmoja kujitokeza peke yake, sheria hiyo itawafaa zaidi wenye mawakili. Mamlaka ingefanya vyema kuzitaka supamaketi kubwa zitoe hadharani, kila baada ya miezi mitatu, kiasi cha madeni yaliyopita muda wake. Kwa supamaketi inayolipa kwa wakati, taarifa hiyo ingekuwa tangazo la bure.

Kwa sasa, marekebisho hayo yanamtaka mnunuzi na msambazaji kuwa na makubaliano ya maandishi, yakieleza pia masharti ya malipo. Wakati wa kujadili idadi ya siku ni kabla ya mzigo wa kwanza kushushwa. Baada ya hapo, kila mzigo uwe na stakabadhi ya kupokelewa iliyogongwa muhuri na tawi, nakala moja ikibaki nyumbani kwa mkulima, kwa sababu msimamizi anayeteuliwa na mahakama hutaka kila anayedai athibitishe deni lake, na jambo la kwanza analoliomba ni karatasi.